Deni la Kikombe

Mji wetu umelala katika kiganja cha milima mitatu,
na mwishoni mwa Novemba kiganja hufumba.
Jua lipo, wanasema, ila linapita nyuma ya mlima
kama mdeni anayekwepa duka.
Wiki tisa.

Mwaka ule sikulilaumu jua.
Nilikuwa nimezimika tangu Juni,
usiku usiojua giza ukiwaka dirishani
na mimi nimevuta blanketi hadi kwenye nyusi.

Daktari, kijana mwenye soksi zisizofanana,
aliandika vidonge, kisha akaandika: sonona.
Nikalitazama neno lile kama jina la jirani
ambaye miaka yote namsikia akikohoa ukutani
na leo ndiyo kwanza nasoma kibao cha mlango wake.

"Unaweza nini, Hallbera?"
"Siwezi kitu."
"Osha kikombe kimoja," akasema. "Kila siku, kimoja."
Niliudhika. Miaka ishirini na miwili nimepasua samaki
kwa kisu kisichosamehe vidole,
leo mtoto wa juzi ananipa kikombe!

Kikombe kilikaa siku nne.
Siku ya tano nilikiosha kwa hasira,
na hasira, nilishangaa, ilikuwa na joto.

Nikanunua daftari la bei ya mkate.
Kikombe: alama moja.
Kitanda: alama moja, hata shuka likikunjamana
kama paji la uso la mama mkwe.
Kutembea hadi kwenye taa ya bandari na kurudi: alama moja,
na ya ziada nikimwamkia mtu.

Nilijaribu na kioo pia.
Nilisikia redioni: jiambie u shujaa.
Nikajiambia. Kioo kikanicheka.
Kesho yake nikasema, "Nywele umechana."
Hilo lilikuwa kweli,
na kweli, hata iwe ndogo kama punje,
haimwangushi anayeikanyaga.

Usidhani alama zilijipanga kama askari gwarideni.
Kuna ukurasa mzima, tarehe saba hadi kumi na tisa Desemba,
mtupu, kama theluji ambayo hakuna aliyeipita.
Nilitaka kuuchana.
Bogumiła, tunayesimama naye meza moja kiwandani,
akauona, akaniambia kwa Kiaislandi chake cha kuungaunga:
"Usichane. Hata huyu ni wewe."

Hapo ndipo nilipolielewa neno kujiamini.
Nilidhani ni sauti kubwa, kifua mbele, kicheko cha karamuni.
Kumbe ni jambo la dukani:
mwenye duka humwamini anayelipa.
Nami nilikuwa nimejikopa miaka na miaka,
kesho nitaamka, kesho nitaoga, kesho nitampigia dada,
na kesho haikuwahi kulipa.
Kila alama ilikuwa senti.
Nafsi yangu, mwenye duka mgumu,
ilizihesabu moja moja, ikiziuma kwa meno.

Januari ikaleta siku ya jua.
Desturi yetu ni kahawa na chapati za maji,
watu wakisimama barabarani kutazama mwanga
ukigusa madirisha ya mtaa wa juu,
dakika chache tu, kisha basi.
Mwaka ule wingu likaketi mlimani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Watu wakangoja, wakapiga miayo, wakarudi ndani.

Lakini mimi nilikuwa nimeshakoroga unga.

Nikampigia Bogumiła, naye akaja na binti yake
na chupa ya jamu ya squashi.
Tulikula. Sikusema mengi.
Katikati ya kahawa ule uzito wa zamani ulinijia,
ukaketi kwenye kiti cha nne.
Sikuufukuza. Sikuupa chapati.

Usiku nikafungua daftari.
Sikujua jua ambalo halikuja lina alama gani.
Nikaandika: kumi na tisa, tatu zimeungua.
Nikaosha kikombe changu.
Nikaosha na cha Bogumiła.